Shoka Lililorudishwa Motoni

Watu hudhani wifi ni mtu wa kununiana naye. Mimi na mke wa kaka yangu hatujawahi kununiana, na siku nilipomtukana kaka mbele ya wateja wake, nilimtukana kwa ajili ya wifi. Sijamwomba radhi mpaka leo, na simwombi.

Wifi anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho, katika chumba cha nyuma kilichobanwa kati ya choo na stoo ya viti. Humo huchunguza jinsi watu wa kale walivyoyeyusha chuma na kukifua. Mwanzoni nilicheka. Mtu mzima na digrii zake, anapima mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki tanuri likishazimwa! Wenzake ofisini humwita Mama Kutu, naye huitika bila kinyongo.

Kicheko kiliniisha siku aliyonikalisha mbele ya hadubini. Alikuwa amekata kipande kidogo cha jembe la zamani, akakigandisha kwenye gundi ngumu, akakisugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka ungeweza kujipaka wanja kwa kujitazama humo. Akakidondoshea tone la asidi nyepesi. Nikachungulia, nikaona chembechembe zimepangana kama vigae.

"Chuma kilichopoa taratibu, wifi, chembe zake zimetulia hivyo," alisema. "Ila chuma kizuri kikitumbukizwa majini kikiwa chekundu, ndani kinakuwa sindano tupu. Ndiyo kinakuwa kigumu. Chuma kinakumbuka mara ya mwisho kilivyopoa."

"Na ukikirudisha motoni?"

"Kinasahau. Kinaanza upya."

Maneno hayo niliyaelewa, mimi muuza misumari na bolti. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mambo haya ni magumu kwa wakubwa wa ofisi.

Sasa shoka. Wifi alilitoa kwa mikono yake chini ya tanuri la kale lililobomoka, limepinda ncha, limevimba kutu. Alikuwa na swali moja tu: je, mafundi wale walijua kuyafanya makali yawe magumu kwa kuyatumbukiza majini? Wataalamu wenzake waliandika kwamba hawakujua, kwamba waliacha chuma kipoe chenyewe. Wifi aliamini walijua, na akaamini kwamba shoka lile lingesema. Alihitaji kukata kipande kisichozidi punje ya mchele pale kwenye makali. Basi.

Kila mwaka aliomba ruhusa, na kila mwaka Mkurugenzi alikataa. "Shoka la kale halijeruhiwi," alikuwa akisema, mkono kifuani kama anaapa. Wifi ni mtu wa heshima. Aliinamisha kichwa, akarudi chumbani kwake, akaomba tena mwaka uliofuata. Mvi zimemwota akisubiri punje ya mchele. Mimi ningekuwa nimeshaiba msumeno.

Kisha ukajengwa ukumbi mpya, na mgeni mkubwa akaalikwa kuuzindua. Mkurugenzi alipolitazama shoka aliona aibu. Lina kutu, limepinda, mgeni atasemaje? Wifi alikuwa mbali, porini na wachimbaji wake. Yule yule bwana asiyetaka shoka lijeruhiwe akalitia kwenye boksi, akampa dereva alipeleke kwa fundi likang'arishwe. Na fundi gani? Kaka yangu, mchomeleaji wa mageti, ambaye karakana yake imegusana ukuta na duka langu. Siku hiyo nilikuwa nimefuata mzigo mjini. Laiti ningekuwepo.

Kaka ni fundi mzuri, sikatai, lakini sifa zimemponza tangu utotoni. Kusikia kazi imetoka kwa Mkurugenzi, kichwa kikavimba. Hakumpigia mkewe simu. Aliliweka shoka kwenye makaa mpaka likawa jekundu, akalinyoosha kwa nyundo, akalichovya kwenye pipa la maji, kisha akalishukia kwa mashine ya kusagia mpaka likatoa cheche. Mwisho akalipaka mafuta. Liling'aa kama sufuria mpya.

Wifi alilikuta juu ya meza ya Mkurugenzi. Alipouliza nani amelifanya vile, akaambiwa, "Kamuulize mumeo." Akaja karakana moja kwa moja, na vumbi la porini bado miguuni.

"Baba watoto, ulilitia moto?"

"Kidogo tu. Lilikuwa limepinda."

"Mpaka likawa jekundu?"

"Sasa ningelinyooshaje?"

"Halafu ukalitia majini."

"Nimelifanya gumu, mke wangu. Lipitishie tupa uone kama litakwaruzika. Nilijua utafurahi."

Wifi alikaa chini, juu ya vyuma chakavu, na sketi yake ya kazini. "Simu unayo mfukoni," alisema.

"Dereva aliniambia linatoka ofisini kwenu."

"Ofisini kwetu kwa nani?"

Kaka akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimwambia kwamba kuuliza si ujinga, ujinga ni hicho alichofanya. Nilimwambia na mengine ambayo marehemu mama asingependa kuyasikia. Wateja waliokuja kuchukua madirisha yao wakasema watarudi kesho. Nilikuwa na hasira za kupasua ukuta, na hazikuwa za kaka peke yake. Nilimwaza yule bwana wa mkono kifuani, nikatamani awe mbele yangu.

Sikilizeni Mkurugenzi alichofanya baadaye. Alimwita wifi, akatabasamu, akasema: "Sasa likate, Mama Kutu. Nimekubali."

Wifi alilikata. Alijua atakachokiona, lakini alilikata hivyo hivyo, akasugua, akadondosha asidi. Sindano tupu, kila alipotazama. Hakuna chembe hata moja ya zamani iliyosalia.

Mkurugenzi akachungulia, akapiga makofi. "Si ndivyo ulivyosema miaka yote? Walijua! Utatangaza siku ya uzinduzi. Jina lako litasomwa kila mahali."

"Mzee, hii ni kazi ya mume wangu."

"Nani atajua?"

Alimvika kilemba cha ukoka wiki nzima. Mara mtaalamu wetu, mara fahari yetu, mara chumba kikubwa chenye madirisha. Wifi alinisimulia akikata vitunguu, na kisu kilikuwa kinagonga ubao kwa nguvu nikaogopa vidole vyake. Nilimuuliza atasema nini. Akachukua kitunguu kingine.

Siku ya uzinduzi tulikwenda wote, kaka kavaa shati la bluu lililopigwa pasi. Shoka liko kwenye kioo, taa imeliangukia. Mgeni akainama, akamuuliza wifi kama makali yale makali namna ile yalifanywa na watu wa kale.

"Hapana, mheshimiwa," wifi alisema. "Yamefanywa mwezi huu. Fundi wake yule pale, mwenye shati la bluu. Ya kale yalikuwa humu humu, tukayafuta sisi wenyewe wenye jumba."

Watu wawili watatu walicheka wakidhani ni utani. Mgeni alimgeukia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akatazama dari kana kwamba inavuja. Kesho yake chumba cha wifi kilipewa wauza tiketi, naye akahamishiwa kwenye stoo, pamoja na viti. Bado yumo, na bado nina hasira.

Jioni ile ya uzinduzi tulirudi kwa miguu. Kaka alitembea nyuma yetu, kifungo cha shingo amekifungua. Tulipofika mlangoni akamshika mkewe mkono.

"Kwa hiyo wale wa kale," aliuliza taratibu, "walijua au hawakujua?"

Wifi alimgeukia.

"Sijui," alisema. "Na sasa sitajua. Hicho ndicho ulichokisaga."