Kizungu cha Mama

Trekta ya majani chai imepita nje ya darasa, na harufu ya majani mabichi imenikuta nikisahihisha madaftari. He, she, tena he. Vidole vinauma. Nimeichoka hii kalamu nyekundu.

Mama alinukia hivyo siku aliyokuja shuleni kwetu, nikiwa bado mwanafunzi, moja kwa moja kutoka shambani, aproni yake ya plastiki ikidondosha maji mlangoni. Dada yangu mdogo alikuwa na homa, naye nyapara alikataa kumpa mama ruhusa ya kukaa nyumbani. Alikuja kuniombea ruhusa mimi nikamwangalie. Kwa heshima, akamwomba mwalimu kwa Kizungu.

"Teacher, my daughter, he is sick."

Katika lugha yetu ya nyumbani, neno ni moja tu kwa mvulana na msichana. Darasa likacheka. Mimi nikasimama, nikapaza sauti: "Sema she, Mama, si he!"

Mama akainamisha macho, akamalizia kwa Kiswahili. Mwalimu akaniruhusu.

Tulitembea mpaka njia panda, pale alipotakiwa kurudi kuchuma.

"Mwalimu amesikia mtoto ni mgonjwa," akasema, bila kuniangalia. "Wewe umesikia nini?"