Walisema Mama Furaha ana pepo, daktari wa Kichina wa Harrow akauliza swali moja tu

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina utani.

Nimesoma uzi wa juzi humu, mtu anawacheka wanawake wanaoanguka na kulia bila sababu, eti ni mapepo au wanadeka kwa waume zao. Damu imenichemka. Ngoja niwape niliyoyaona kwa macho yangu, na chumvi sijaongeza.

Ilikuwa London, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafanya kazi za care, kutunza wazee majumbani, na nilipanga chumba Harrow kwa familia ya Wakongo wa Bukavu: Baba Furaha, mkewe, na binti yao mdogo. Mimi wa Kigoma, kwa hiyo tulielewana vizuri tu.

Mama Furaha alikuwa mtu wa kucheka. Akipika sombe, kisamvu cha kwao, nyumba nzima ilijua.

Basi akabadilika. Akawa analia akiosha vyombo, ukimuuliza analia nini hajui. Anapiga miayo mchana kutwa. Mara mbili alianguka jikoni, macho wazi, hasemi. Na kila siku alishika koo, anasema kuna kitu kimekwama, hakishuki wala hakitoki. Chakula kikawa hakipiti. Nguo zikaanza kumpwaya.

GP, daktari wa mtaa, akampeleka hospitali. Wakaingiza kamera kooni, hakuna kitu. "It's stress," akapewa vidonge, akawa analala kwenye sofa kutwa nzima. Wakaona wamemaliza kazi.

Kanisani ndiyo balaa. Mchungaji akasema ni pepo la kike limemkaba. Akaamuru afunge, asile wala asinywe mpaka litoke. Jamani! Mtu hamezi hata chai, wewe unamfungisha? Nilimwambia Baba Furaha kwamba mkewe atamfia mkononi. Akaniambia nyie Watanzania hamna imani.

Mliokaa UK enzi zile mnayakumbuka yale maduka ya dawa za Kichina, kila high street, ule mtaa wa maduka, lilikuwepo moja. Dirishani mizizi, ndani droo ndogo ndogo mpaka juu ya dari. Mgonjwa wangu wa care, bibi mmoja wa Kizungu, alikuwa ametibiwa pale kipandauso. Nikamshika mkono Mama Furaha tukaenda. Mumewe akatufuata, analalamika njia nzima kwamba huo ni uganga.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, Kiingereza hajui, anatafsiriwa na binti wa dukani. Mimi nikawa mkalimani upande wetu. Aliangalia ulimi. Alishika mapigo mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Halafu akatueleza. Kwao ugonjwa huu ni wa zamani sana, umo kwenye vitabu vyao. Mtu akizuia huzuni au hasira muda mrefu, viungo vya ndani vinakosa utulivu, analia ovyo, anapiga miayo, mpaka watu wanadhani amepagawa. Ile pumzi iliyozuiwa inapanda na kujifunga kooni kama kokwa la tunda. Kamera haiwezi kuiona.

Yaani wao wameshaliona hilo karne na karne, sisi bado tunakemea pepo!

Dawa yenyewe, wakuu, ilikuwa ngano, mizizi fulani mitamu, na tende za Kichina, zile nyekundu jamii ya kunazi. Unachemsha, unakunywa maji yake. Nikawaza huu si uji? Akamchoma na sindano nyembamba karibu na kifundo cha mkono.

Kisha akasema dawa itatuliza tu, haitamaliza. Akauliza: kuna jambo alilotakiwa kulilia, akazuiwa?

Nikageuka nimtafsirie Mama Furaha. Kabla sijafungua mdomo, mumewe akarukia kwa Kiingereza, "No, no, nobody died."

Nani alikuwa ametaja kifo?

Baba Furaha akainamia viatu vyake. Mkewe, Kiingereza chake kidogo, lakini hilo alilisikia. Akasema taratibu:

"Tangu lini watu wanaleta sufuria za chakula kwenye nyumba isiyo na msiba?"

Mama yake mzazi alikuwa amefariki Bukavu miezi mingi nyuma. Kesi yao ya ukimbizi kule Home Office haijajibiwa, hawezi kusafiri, basi ndugu na wazee wa kanisa wakakubaliana wamfiche msiba mpaka apate karatasi za kuishi. Mila zetu hizo, eti tunamhurumia mtu. Kila akitaka kumpigia simu, anaambiwa mama yuko shamba. Wanawake wa kanisani wanaleta wali na samaki, wanamtazama, wanaondoka. Hata mchungaji alijua! Alijua, na bado akakemea pepo.

Mimi sikuambiwa kwa sababu nina mdomo. Ndiyo, ninao, na leo nautumia.

Nilimuuliza Mama Furaha kwa nini hakuuliza, kama alihisi. Akajibu, "Niliogopa kuuliza, kwa sababu wangenijibu."

Tulifika nyumbani, akavua viatu, akakaa chini sebuleni, akapiga yowe la msiba kama kwao. Jirani Mzungu akagonga mlango, amesikia kelele. Nikamwambia mama yake huyu amefariki. Akasema pole, akauliza lini.

Nikamjibu, leo.

Jioni ile alikula ugali. Dawa aliendelea nayo, na lile kokwa likaisha pole pole.

Sisemi mkimbilie dawa za Kichina, wapo matapeli kibao. Ninachosema, msiba si wako kuuficha. Ukimnyima mtu kilio, mwili wake utakitafutia njia, halafu utamwita ana pepo.

Uwanja ni wenu. Uliyewahi kufichwa msiba, tueleze. Na wewe uliyeficha, njoo pia, nina maswali na wewe.