Mumbere wa Tatu

Mwanamke mwandishi wa programu katika ofisi ya waliokimbia vita, mjini Beni, huhesabu herufi kwa vidole, na ngumi yake iliyofumbwa ndiyo sifuri anayoanzia. Watu huipita meza ya Luc, mwandishi mwenzake, na kwenda kwake. Leo programu ya Luc, inayotafuta jina linapoanzia ndani ya orodha ndefu, ilisimama kwenye Mumbere wa kwanza, jina ambalo huku hupewa kifungua mimba wa kiume, ikamwonyesha mama mmoja kutoka mji wa Mangina, anayemtafuta mwanawe, mtoto wa mwingine.

"Mama, kila nyumba iko na Mumbere wake," mwanamke yule alisema polepole, akiandika. "Donc, basi, tutafute tena, tuanzie pale huyu anaishia."

Wa pili hakuwa yeye. Mama akamshika yule mwandishi bega, si Luc. Na Luc, aliyeapa kuikomboa Kivu kwa kompyuta, akajikuta akiomba wa tatu asipatikane kwa mkono wa mwenzake.