Suruali Yangu Ilivyonianika Pangani

Nimeshajicheka vya kutosha, kwa hiyo nanyi chekeni. Mwezi uliopita niliwapeleka mke wangu na mama yake Pangani wakaione bahari. Tulilala nyumba ya wageni iliyo karibu na ufukwe, na jioni tukala wali wa nazi na samaki kwa mama lishe wa jirani.

Asubuhi nikatoka peke yangu. Maji hayapo! Yalikuwa yamerudi nyuma mbali kabisa. Mimi ni mtu wa Kwashemshi. Kwetu maji yakishateremka bondeni hayarudi. Nikaitundika suruali kwenye kijiti isichafuke tope, nikaenda na chupi yangu kuchungulia kaa. Kila shimo nilitaka kujua nani anakaa.

Nilipogeuka, maji yalikuwa mapajani, na kijiti hakionekani. Nikajikokota kuelekea ufukweni. Nani amesimama pale? Mama mkwe.

Kwetu mkwe huchutamiwa. Nikachutama upesi, maji yakanifika mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

Nikadhani ataondoka. Kumbe naye mdadisi kuliko mimi. Chumvi yote hii inatoka wapi? Samaki wanalala saa ngapi? Supu ya pweza tutaipata kwa nani? Nikamjibu yote kwa heshima, maji yakinipanda kidevuni, huku moyoni nikishukuru kwamba adabu imenisitiri.

Mara akatazama nyuma yangu.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "ile suruali inayoelea si ya kwako?"