Magoti ya Mama na Kitabu cha Wageni cha Temple Hills

Niseme ukweli mapema, kwa sababu najua habari imeshafika huko nyumbani Ol Kalou ikiwa imeota mikono na miguu. Ni kweli nilienda duka la bangi. Ni kweli nilienda na mama yangu mzazi, na ni kweli alivaa kofia yake ya kanisani. Mengine mliyosikia ni chumvi ya watu.

Tulienda kwa sababu ya magoti. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kwa miezi sita, na ngazi za nyumba yangu hapa Germantown, jimbo la Maryland, zilikuwa zikimtesa. Nyumba za huku wamezijenga nyembamba na ndefu, jiko chini, kitanda juu, na kila alipopanda nilimsikia akihesabu vidato kwa Kikuyu kama mtu anayehesabu dhambi za jirani. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona, na mmoja wao akamnong'oneza kwamba hapa Maryland bangi siku hizi ni halali, na kwamba iko ya kupaka, haileweshi, hutuliza viungo tu. Sasa, Mama ana kaka, mjomba Ndirangu, aliyekula miaka miwili jela kwa msokoto mmoja. Nilidhani atakemea. Alikoroga chai, kisha akauliza duka hufunguliwa saa ngapi.

Mimi nami nilikuwa na jambo langu. Wiki mbili mbele nilikuwa na mahojiano ya uraia. Mwenye kadi ya kijani, kibali cha kuishi tu, hawezi kumwombea mzazi wake makazi, raia anaweza. Kwa hiyo mahojiano yale yalikuwa yangu na ya Mama pia. Nikianguka, angerudi kuishi peke yake na magoti yake, nami ningekuwa nikimwona kwenye simu, nusu paji la uso, nusu dari. Niliogopa jambo hilo kuliko ninavyoogopa kufa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Germantown. Nilijitayarisha vile mtu aliyelelewa Kenya hujitayarisha kwenda mahali popote penye kaunta. Nilibeba faili. Ndani mlikuwa na pasipoti yangu na ya Mama, kadi ya kijani, leseni ya gari, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mchungaji, na juu kabisa, kwa kuwa ndiyo mpya, barua ya kuniita mahojiano. Tumefundishwa na dunia kwamba karatasi uliyoiacha nyumbani ndiyo itakayoulizwa.

Duka la karibu liko dakika kumi kutoka kwangu. Sisi tuliendesha saa nzima na zaidi, tukashuka barabara kuu, tukapita Rockville, tukaingia ile barabara ya kuzunguka mji, tukayapita maduka ya namna hiyo manne. La kwanza linatazamana na bucha ambapo Wakenya wote wa Germantown hununua mbuzi. La pili nina rafiki anafanya kazi jengo la jirani. Lile la tatu na la nne nilikataa tu kwa roho. Nilichagua Temple Hills kwa kuwa, kwa hesabu yangu, hakuna mtu anayenijua huko.

Saa tano na nusu, Temple Hills. Nimezima gari tu, akatokea Mzee Gatimu.

Mzee Gatimu ni mzee wa kanisa letu. Anakaa Woodbridge, ng'ambo ya mto, kule Virginia, na ndiye aliyehubiri Jumapili tatu mfululizo kwamba bangi ni jani la shetani. Alikuwa anatoka dukani na kifuko kidogo cheupe kilichofungwa kwa gundi.

"Nilikuja kuangalia magurudumu ya gari," akasema kabla sijamsalimia.

"Nasi tumepotea, Mzee," nikasema. "Tulikuwa tunatafuta nyumba ya matanga."

Mama akashusha kioo cha upande wake. "Gatimu, hujambo. Sisi tumekuja kununua ya magoti. Wewe yako ni ya wapi?"

Mzee aliangalia mbingu, akaangalia kifuko. "Ya mgongo, Mama," akasema.

Tukasalimiana upya, sasa kama binadamu. Alitueleza kwamba yeye ni raia na hana shida ya kununua, shida yake ni daraja. Kuvusha kitu hicho kutoka Maryland hadi Virginia ni kosa la serikali kuu. Hata kukifungua ndani ya gari ni kesi. Kwa hiyo chupa yake hukaa kwa dada yake hapo Temple Hills, naye huja kujipaka huko kila Jumamosi. Na sisi kanisani tulikuwa tumemsifu hadharani kwa jinsi anavyompenda dada yake.

Mlangoni alisimama mlinzi, kijana mrefu wa Bukavu, tukajua mara moja kwa vile alivyotuamkia. Akaomba vitambulisho ahakikishe kwamba tumetimiza miaka ishirini na mmoja. Mama ana sabini na mmoja. "Nina wajukuu tisa," akamwambia, lakini nilimwona amefurahi, na kofia akaiweka sawa.

Ndani palikuwa safi kuliko zahanati yoyote niliyowahi kufanyia kazi, na nimefanya nyingi. Zulia, maua, muziki wa taratibu. Nyuma ya kioo chupa zimepangwa, kila moja na jina lake zuri kama la mtoto mchanga. Mama alisimama akazitazama kwa muda. "Kwa hizi zote, Ndirangu angefungwa mpaka leo," akasema, na hakuwa anacheka.

Na hapa ndipo nilipoharibu. Kando ya mlango wa pili palikuwa na meza ndogo, juu yake ubao wenye karatasi, na kalamu imefungwa kwa kamba. Jina, simu, anwani, sahihi. Jamani, mimi nimekulia nchi ambayo huwezi kumtembelea shangazi yako bila kuandika kitabu cha wageni kwenye geti. Nikiona kalamu yenye kamba, mkono wangu huenda wenyewe. Niliandika majina yangu yote matatu, bila kufupisha. Niliandika simu, anwani, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya sababu ya ziara, nikaichora mwenyewe pembeni: "Magoti." Nikaweka sahihi na saa ya kuingia.

Msichana wa kaunta, mwenye pete puani na adabu nyingi, akaichukua karatasi akaanza kuipiga kwenye kompyuta. Akamuuliza Mama angependa kujisikia vipi leo. Nikamtafsiria.

"Kama mtu wa miaka hamsini," Mama akajibu.

Msichana aliomba kitambulisho tena, nami nikafungua faili lote juu ya kaunta ili achague anachopenda. Barua ya mahojiano ikawa ya kwanza. Mlinzi aliyekuwa akipita nyuma yangu alisimama.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii interview ni ya uraia?"

"Ndiyo, baada ya wiki mbili."

"Na bado uko na kadi ya kijani?"

"Hii hapa."

"Funga hiyo faili. Nakuambia kama ndugu yako mudogo. Hapa Maryland banakubali. Serikali kubwa haikubali, na ile interview ni ya serikali kubwa. Kama banakuuliza, na unasema ulinunua, dossier yako ya uraia inakufa. Na mama muzee ako na visa, ni vilevile."

"Lakini ni halali. Imeandikwa kwenye mabango."

"Ni halali kwa mwenye nchi," akasema.

Basi nikaelewa kwamba nimeingia nyumba yenye baba na babu. Baba amekuruhusu kucheza uani, babu amekaa mlangoni na bakora. Nikaomba nirudishiwe kitabu cha wageni. Msichana akashangaa, kitabu gani? Ile karatasi, akanieleza kwa upole, ilikuwa ya kujiunga na chama cha wateja wao. Nilikuwa nimeshakuwa mwanachama. Nikamsihi anifute. Akabonyezabonyeza, akatabasamu, akasema nimefutika.

Saa saba, barabarani kurudi. Mikono yetu ilikuwa mitupu, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, nikijitukana. Kwenda kumnunulia mama dawa, nusura nimfungie mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Tulipopita Rockville, Mama akavua kofia akaiweka magotini.

"Magoti haya nimekaa nayo miaka kumi na mitano," akasema. "Yatangoja karatasi yako. Endesha."

Jumapili, kanisani. Mzee Gatimu alikuwa akiongoza maombi, tumefumba macho, kimya kimetanda, simu yangu ikalia. Na ya Mzee mfukoni mwake ikalia wakati huohuo, mlio uleule. Niliichungulia yangu chini ya benchi. "Mwanachama wetu mpendwa, leo tuna punguzo." Sikuwa nimefutika. Mzee naye alifupisha maombi kuliko siku zote, na waumini wakashukuru.

Jumanne ya mahojiano, Baltimore. Mama alibaki kwenye gari, akiomba. Afisa alikuwa baba wa makamo mwenye miwani mizito. Niliinua mkono wa kulia nikaapa kusema kweli tupu, na nilipoushusha nilijua kwamba sitadanganya, hata ikinigharimu. Aliniuliza kama nimewahi kuuza au kusafirisha dawa za kulevya. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Kisha akauliza: umewahi kuwa mwanachama wa chama, klabu au kikundi chochote, mahali popote duniani?

Niliamua nivitaje vyote, kwa mpangilio wa kujiunga, na kile cha Temple Hills kitakuja mwisho, na Mungu ataamua.

Nikaanza. Kanisa. Kwaya ya kanisa. Akina mama wa kanisa. Chama cha watu wa Nyandarua. Chama cha mazishi. Chama cha kununuliana sufuria. Chama cha kununua shamba Kitengela, ambalo hatujaliona bado. Chama cha waliojitoa kwenye chama cha shamba.

"Uko ndani ya vyote viwili?" akauliza.

"Ndiyo, bwana. Ili nisikie pande zote."

Akaandika. Nikaendelea: kamati ya matibabu ya mzee mmoja, ambaye alipona, lakini kamati haikuvunjwa. Hicho kilikuwa cha tisa. Afisa aliweka kalamu chini, akaikanda mikono yake.

"Kati ya hivi kuna kinachotaka kuipindua serikali?"

"Kile cha shamba kinataka kumpindua mwenyekiti."

"Vimebaki vingapi?"

"Vitatu."

Akatazama saa, akatazama karatasi iliyojaa mpaka pembeni. "Inatosha, mama," akasema. "Hongera." Nilikaa pale kitini sekunde kadhaa, cha kumi na mbili kikiwa bado ulimini.

Basi, ninyi mnaopanga kuja huku na mmesikia habari za maduka hayo, mnunue au msinunue ni juu yenu, lakini jueni hivi. Wanataka kitambulisho kimoja tu, faili liacheni nyumbani. Msifungue kifuko ndani ya gari, wala msivuke nacho daraja. Msiandike popote kwa sababu tu kuna kalamu yenye kamba. Na kabla ya kusoma bango linasema nini, ulizeni kwanza linamwambia nani. Mimi niliambiwa na mlinzi wa mlango, ambaye duka halimlipi kwa kufukuza wateja, nami namwombea mpaka leo.

Nimeshakula kiapo, na maombi ya makazi ya Mama nimeyapeleka. Sasa wa kuhojiwa ni yeye. Nimemweleza hivyo mara tatu. Jana alifika juu ya ngazi, akashika ukuta, akavuta pumzi, akaniita.

"Kile chama chako cha kumi na mbili," akauliza, "mkutano wao ni lini?"