Kidonge Ndani ya Sambusa

Mume wa Fengqin alikwenda kusini kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Fengqin akabaki na binti yao Suyun, na mama mkwe.

Suyun alikuwa na saratani ya mfupa. Goti lilishapasuliwa, lakini baadaye vidoa vikaonekana kwenye mapafu. Daktari alieleza kwamba uvimbe ukitaka kukua huuchochea mwili uuoteshee mishipa mipya ya damu ya kuulisha. Kazi ya vidonge alivyompa Suyun ni kuizuia mishipa hiyo isiote. Visikatizwe.

Mkesha wa mwaka mpya mama mkwe akavikusanya, akavifungia sandukuni mwake.

"Anayemeza dawa mwaka mpya huugua mwaka mzima. Nitavitoa taa za sikukuu zikiteremshwa."

"Mama, hiyo ni nusu mwezi!"

"Umezaa mmoja tu, tena wa kike, na huyo naye unamtafutia mkosi?"

Fengqin akarudi jikoni. Kidonge cha kesho yake alishakitoa mapema, kilikuwa mfukoni mwa aproni.

Asubuhi alichemsha sambusa za sikukuu, zile za Kichina zisizokaangwa. Moja hutiwa sarafu, na atakayeiuma ndiye mwenye bahati ya mwaka. Safari hii hakutia sarafu. Wakati wa kupakua alichomeka kidonge kwenye sambusa moja, akaiweka bakulini mwa Suyun.

Mama mkwe akaiona imetuna. Akainyakua kwa vijiti.

"Hii ya bibi."

Meno ya bandia yakagota. Akakitoa kinywani, akakitazama, akafumba kiganja.

Jirani yao, Bi Cao, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoa salamu. "Umeipata sarafu, shangazi?"

Kutaja dawa siku ile ni mwiko. Kugombana, mwiko. Kuitupa bahati, ndiyo usiseme.

"Nimeipata," alisema mama mkwe.

"Wewe umeshaishi, Mama," alisema Fengqin. "Mpe mjukuu wako hiyo bahati."

"Kweli, shangazi, mpe mtoto!" alidakia Bi Cao.

Mama mkwe akampa Bi Cao mgongo, akakisuuza kidonge kwenye chai. "Suyun. Fungua mdomo."

Suyun akameza. "Bahati yenyewe chungu, bibi."

"Kula unyamaze."

Asubuhi iliyofuata boksi la vidonge lilikuwa mezani, kando ya siki.

"Nani kalitoa?" Fengqin aliuliza.

"Meno yangu ni ya gharama," alisema mama mkwe, akasogeza bakuli lake mbali na la Suyun.