Kitanda Nilichompambia Binti Yangu Kimekataliwa na Wakwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Admin, nakuomba unifichie jina, mji wetu ni mdogo na habari haikawii kuzunguka. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane. Naishi Amu mjini, yaani Lamu, ila kwetu ni Mkokoni, hapa niliolewa. Masomo yangu ni ya madrasa na shule ya msingi tu, mnisamehe nikikosea kuandika. Nimechoka, wallahi, na si kuchoka kwa mwili.

Nina binti mmoja tu na harusi yake ni wiki ijayo inshallah. Kwetu huku bwana harusi huleta mahari, lakini kuipamba nyumba ni kazi ya upande wa mke. Baba yake Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa hivyo nilibaki mimi na mikate yangu ya mofa ninayouza asubuhi. Nilimuahidi mwanangu nyumba ya kupendeza. Lakini sikutaka zile fanicha za kung'ara zinazoshushwa bandarini Mokowe, zilizotengenezwa kwa unga wa mbao. Jirani yangu alinunua kabati la namna hiyo, unyevu wa bahari ukaliingia, likavimba kama andazi na milango ikakataa kufunga. Nikasema bora kitu kikuukuu lakini cha mti wa haki.

Basi nikazunguka karibu mwaka mzima. Viti viwili nilivipata kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, nikavipiga msasa kwa mkono wangu mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mito niliijaza sufi badala ya sponji, maana sponji hulala upesi. Mapazia nilishona kwa vipande vya mwisho vya jora, rangi moja, hata huoni viungo. Zidaka za ukutani nilizipaka chokaa nikapanga sahani za zamani za maua. Zenye ufa nikazigeuza, ufa ukatazama ukutani.

Kitanda ndicho kilichonipa furaha zaidi. Kulikuwa na familia inahamia Mombasa, kijana wao akaniambia, "Mama, kitanda hiki ni cha bibi, kimekaa stoo tu, chukua kwa bei unayoweza." Kitanda cha mti wa mbambakofi, miguu ya kukereza, kizito mpaka punda alisimama njiani akagoma. Mguu mmoja una kiraka cha mti mwingine. Fundi alipokitazama akasema, "Bi, kamba hizi za kulalia hazikuoza. Zimekatwa kwa kisu, tena katikati." Nikamwambia huenda walitaka kutoa kunguni, yeye akiwambe upya tu kwa ukindu mzuri. Akakiwamba, akakipaka vanishi. Kilipowekwa chumbani na shuka nyeupe, mwanangu alinikumbatia akasema, "Mama, kama hoteli za Shela!" Nililia kwa furaha.

Juzi wanawake wa upande wa mume wakaja kutazama nyumba. Vigelegele, udi, juisi ya ukwaju. Walisifu kila kitu, hata mapazia waliyashikashika. Walipoingia chumbani, shangazi yake bwana harusi, mama mtu mzima, akasimama. Akainama akaupapasa ule mguu wenye kiraka.

"Bi, kitanda hichi mumekitoa wapi?"

Nikamwambia nyumba niliyokitoa. Akajigusa macho kwa kidole.

"Mato yangu hayajasahau. Kitanda hichi kilikuwa kikiazimwa mtaa mzima, kila penye msiba. Ndicho cha kuoshea maiti. Mamangu alioshewa hapa, na maji nilishika mimi."

 Ndipo nikaelewa kwa nini kamba zilikatwa katikati: maji yapate kupita. Mzaliwa wa mtaa huu angekijua mara moja. Mimi wa kuja ningejuaje? Halafu nyuma msichana mmoja akasema, "Bwana harusi asisahau kuja na sanda yake!" Wengine wakacheka, wengine wakasema astaghfirullah huku wanacheka. Mwenziwe akadakia, "Ndiyo maana alikipata rahisi!"

Mwanangu, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, alikimbilia jikoni. Nilipomfuata akaniambia, "Mama, ungeniwekea hata godoro chini. Sasa nitaitwa bi harusi wa kitanda cha maiti mpaka nizeeke."

Nilimuendea ustadhi wetu. Akasema maiti wa Kiislamu si najisi, na kitanda ni mbao tu, kioshwe watu walale. Nikarudi na jibu hilo nimelibeba kama dawa. Mwanangu akasema, "Si ustadhi atakayelala hapo, mama, ni mimi." 

Jana mama mkwe wa binti yangu amenipigia simu kwa sauti ya upole kabisa: "Bi, usione vibaya. Sisi tutaleta kitanda kutoka Mombasa, kina vioo na taa. Hicho chako ukitoe tu." Bwana harusi hawezi kupinga, maana aliyesema ni mamake.

Nikikubali, watu watasema mjane alishindwa kumpamba binti yake mpaka wakwe wakamsitiri, na hicho kitanda chenye vioo kitavimba kabla mtoto wa kwanza hajatambaa. Nikikataa, mwanangu ataingia nyumbani kwake akilia, na mimi sikuhangaika mwaka mzima ili alie.

Kitanda nimekihamishia chumbani kwangu. Leo baada ya adhuhuri nilisema nijinyooshe kidogo tu. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu mume wangu afariki, adhana ya alasiri ndiyo iliyoniamsha. Nimeamka nikakaa ukingoni, nikawaza: waliopita hapa wote walikuwa wamechoka kama mimi.

Ndugu zangu, hasa kina mama mliooza mabinti, nipeni mawazo kabla boti yenye kitanda cha hao wakwe haijafika. Nikipokee kitanda chao ninyamaze, au nisimame na changu? Msinicheke, nimeshachekwa. Nishaurini, nifanye nini?